Zahanati Isiyokatiwa Utepe

Itifaki imezingatiwa. Naanza hivyo ili asije akatokea mtu akasema hadithi hii haikufunguliwa rasmi. Katika nchi yetu jambo lisilofunguliwa rasmi halipo, na anayelisimulia naye huweza asiwepo, na mimi nina watoto.

Wageni wanaopita kwetu hushangaa bure. Huona daraja zuri la zege, na chini yake watu wamejitwika nguo kichwani wanavuka mto kwa miguu. Wakiuliza, tunawaeleza kwa upole kwamba daraja bado halijazinduliwa, mgeni rasmi amepata dharura. Wengine hucheka. Hao ni watu ambao kwao mambo hutokea ovyo ovyo tu. Sisi hata mvua ya masika huzinduliwa. Mwaka mmoja ilinyesha kabla ya sherehe, na wakulima waliopanda kwa mvua ile walishtakiwa kwa kutumia maji yasiyo rasmi. Mahindi yao yalistawi sana, jambo ambalo hakimu alisema linazidisha kosa.

Kwa utaratibu huo, somo la Historia kwetu ni jepesi. Aliyekata utepe ndiye aliyetenda. Mchimbaji wa kisima hutoka jasho, na jasho hukauka. Utepe uliokatwa hubaki. Vipande vyake vyote vimehifadhiwa mji mkuu katika Wizara ya Uzinduzi na Kumbukumbu, ndani ya makabati ya kioo. Hata uhuru wetu uko humo, kipande cha rangi ya samawati, na mkasi wake pembeni.

Mji wetu unaitwa Nanjota. Tuna shule ya sekondari, tuna soko, na tulikuwa na zahanati ya wazazi.

*

Kila mwaka wanafunzi wa kidato cha nne hufanya mradi wa Historia unaoitwa "Mwanamke Mwenye Ushawishi". Wako huru kabisa kumchagua mwanamke wanayemtaka, na kila mwaka wote humchagua Mheshimiwa Mama Mlezi wa Taifa, mke wa Kiongozi wetu. Hakuna anayewalazimisha. Mwalimu Ngwatu, anayefundisha somo hilo, amezoea kusahihisha kazi za darasa zima huku amefumba macho, na wakati mwingine huku anakoroma.

Sasa akatokea binti mmoja, Sikudhani Mchopa. Alikuwa mpole, hodari darasani, yatima wa baba na mama, akilelewa na dada yake Asumini ambaye mumewe alikuwa machimboni. Asumini ndiyo kwanza alikuwa na mimba yake ya kwanza. Sikudhani alisimama mbele ya meza ya mwalimu akasema:

"Mwalimu, mimi nataka kuandika juu ya Bi. Somoe."

Mwalimu Ngwatu akafumbua macho. "Somoe yupi?"

"Bi. Somoe Likwata, anayekaa pale nyuma ya zahanati. Ndiye aliyeijenga."

"Alikata utepe gani?"

"Sijui, Mwalimu. Ndiyo maana nataka kutafiti."

Neno hilo lilikuwa halijasikika katika shule yetu kwa muda mrefu. Mwalimu alichungulia dirishani, akarudisha shingo. "Sikudhani, mwanangu, nakupenda. Mama Mlezi ana tepe kabati zima. Ukiandika juu yake utapata alama zote na mimi nitalala vizuri. Haya mengine ya nini?"

"Mama yangu alizaliwa pale zahanati, Mwalimu. Na mimi. Lakini kwenye kibao cha nje hakuna jina la mtu."

Mwalimu alimruhusu. Hakuwa na moyo mbaya, na pia alidhani mtoto atachoka.

*

Bi. Somoe alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, mwenye ulimi ambao ulimfukuza mume wa kwanza na kumtuliza wa pili. Alimkuta Sikudhani mlangoni na daftari lake.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Pita, usisimame kama mdai. Asumini hajambo?"

"Hajambo. Anavimba miguu."

"Aiweke juu. Na asibebe maji, mwambie nimesema. Haya, umekuja na nini?"

Sikudhani akamweleza. Bi. Somoe alicheka mpaka akakohoa, halafu akakaa kitako akasimulia, maana nani asiyependa kuulizwa?

Zamani hizo wanawake wa Nanjota walikuwa wakifia njiani. Hospitali ya mkoa ilikuwa mbali, na ndivyo ilivyo hadi leo. Bi. Somoe alikuwa kiongozi wa ngoma ya akina mama. Walikwenda serikalini kuomba zahanati, na serikali sikivu ikawaletea mgeni rasmi. Wakamchezea. Wakaomba tena, wakaletewa mgeni rasmi mwingine, mnene zaidi. Wakamchezea naye. Siku walipomzika mwenzao mmoja, aliyekuwa akipiga ngoma kubwa, pamoja na kichanga chake, Bi. Somoe alisimama makaburini akasema basi. Hatuchezi. Na vigelegele hatupigi.

Msomaji wa nchi nyingine hataelewa uzito wa jambo hilo. Kwetu mgeni rasmi hawezi kushuka garini bila vigelegele. Miguu haimsaidii.

"Yule wa kwanza baada ya hapo alikaa ndani ya gari mpaka jua likazama," Bi. Somoe alisema. "Tumejipanga barabarani, tumevaa tukapendeza, kimya. Dereva wake akajaribu kupiga kigelegele yeye. Masikini, akapaliwa."

"Na waliofuata?"

"Wa pili aligeuza gari. Wa tatu hakuja, wakatuma saruji. Matofali tulichoma wenyewe, maji tukabeba wenyewe. Wanaume walitusaidia kupaua. Tuseme haki ya Mungu, walisaidia."

"Na siku ya kufungua, Bibi, nani alikata utepe?"

"Utepe? Bibi yako mzaa mama aliletwa kwenye machela, uchungu umemkamata, na plasta haijakauka. Nimwambie asubiri utepe? Tukamwingiza. Mama yako akazaliwa mle ndani, kuta mbichi. Ikawa ndiyo imefunguliwa."

Sikudhani aliandika kila neno. Alipomaliza alisema kwa aibu kwamba anataka jina la Bi. Somoe liwekwe pale nje, watu walisome.

"Jina halimzalishi mtu," Bi. Somoe alimjibu. "Ila andika. Tuliochoma matofali tumebaki wachache."

*

Kanuni ilitaka mradi wowote usiomhusu Mama Mlezi upitishwe kwanza na Wizara. Sikudhani akapanda lori la mihogo hadi mkoani, kwenye ofisi ya Afisa Mzinduzi Mkuu, Bwana Kihampa.

Ofisi ile ni mfano wa kuigwa. Kila asubuhi utepe mpya hufungwa mlangoni, na wafanyakazi husubiri nje mpaka Bwana Kihampa aje aukate ndipo siku ianze. Akiugua, siku haianzi.

Lakini lazima niseme ukweli, Wizara ilikuwa katika majonzi. Kwa miaka mingi serikali haikujenga kitu, na wazinduzi walikuwa wameishiwa. Kituo cha basi cha mkoa kilikuwa kimeshazinduliwa kama kituo, kisha kama kituo kilichokarabatiwa, na hivi karibuni kama kituo kitakachokarabatiwa. Bwana Kihampa alikuwa amekonda.

Alisoma kazi ya Sikudhani huku akipiga miayo. Ghafla mwayo ukakatikia katikati.

"Binti, hapa umeandika kwamba hakuna aliyekata utepe."

"Ndiyo, mzee. Haukuwepo."

"Haukuwepo kabisa?"

"Bibi yangu alikuwa na uchungu, mzee. Walimwingiza tu."

Bwana Kihampa akainuka, akafunga mlango, akarudi kwa kunyata. "Na jengo lipo?"

"Lipo."

"Lina bati?"

"Lina bati na sakafu. Dada yangu naye atajifungulia pale."

Macho ya Bwana Kihampa yalijaa machozi. Alimshika Sikudhani mkono kwa mikono yake miwili. "Mwanangu, unajua umefanya nini? Umeivumbulia nchi hii jengo zima, lenye bati, ambalo halijaguswa na mkasi! Taifa linakushukuru. Nenda nyumbani. Sisi tutaliheshimisha."

Sikudhani alirudi Nanjota akiimba juu ya lori. Alimwambia Asumini kwamba Wizara imekubali, kwamba Bi. Somoe ataheshimishwa, na Asumini akamkumbatia kadiri tumbo lilivyoruhusu.

*

Wiki ile ile walikuja askari. Waliwatoa wagonjwa kwa adabu, mmoja mmoja, na yule aliyekuwa amejifungua asubuhi walimbebea ndoo yake. Kisha wakafunga utepe mpana wa rangi za bendera kuzunguka zahanati yote na kuukaza kwa fundo mlangoni. Bwana Kihampa alitangaza kwa kipaza sauti kwamba zahanati imegundulika kuwa haijawahi kuwepo, hivyo itaanza kuwepo mara tu Mheshimiwa Mama Mlezi atakapokuja kuizindua. Kuvuka utepe ni kosa. Kuinama chini yake ni kosa kubwa zaidi, maana kunaonyesha nia.

Nesi wetu aliambiwa kwamba akimgusa mzazi kabla ya uzinduzi, popote pale, atakuwa anatoa huduma ya zahanati isiyokuwepo, na kazi yake nayo itakoma kuwepo. Nesi ana watoto kama mimi.

Yalizuka maswali ya kitaalamu. Waliozaliwa mle ndani miaka yote hiyo walizaliwa wapi? Walitakiwa wajieleze. Katibu Tarafa, ambaye mji mzima unajua alizaliwa pale na jinsi alivyomtesa mama yake kwa ukubwa wa kichwa, alikana. Alisema yeye alizaliwa ofisini.

Sikudhani alikimbilia kwa Bi. Somoe akaanguka miguuni pake.

"Bibi, nisamehe! Mimi ndiye niliyewaambia!"

"Inuka. Wewe ulinitafutia jina, wao wamepata mlango. Kosa lako ni nini hapo?" Lakini Bi. Somoe aliliweka birika chini bila kumimina chai. "Asumini anatarajia lini?"

"Karibuni tu, Bibi."

*

Tukasubiri. Mama Mlezi alipangiwa kuja, akapata mwaliko wa kuzindua kiangazi. Alipangiwa tena, akapata mafua, na taifa zima likapiga chafya kwa mshikamano. Kawia ufike, tuliambiana. Wakati huo wanawake wawili wa vijiji vya jirani walijifungulia barabarani kwenye safari ya kwenda mkoani. Mmoja alirudi.

Mwisho Bwana Kihampa akaja nyumbani kwa Bi. Somoe, amevaa suti. Asumini alikuwa amehamia pale, amekaa kwenye mkeka na mikono kiunoni. Sikudhani alikuwa akimkanda miguu.

"Mama," Bwana Kihampa alisema, "Mheshimiwa yuko tayari. Ila amesikia kwamba katika mji huu wageni waliwahi kupokelewa kwa kimya. Mheshimiwa ana moyo mwepesi. Kimya kinamdhuru."

"Anataka nini?"

"Vigelegele tu, mama. Uviongoze wewe mwenyewe."

Sikudhani alisimama. "Bibi, usikubali! Hujampigia mtu kigelegele cha serikali tangu ile siku ya makaburini!"

Bi. Somoe alimtazama Asumini, akamgeukia mgeni. "Nikimpigia, atakata?"

"Papo hapo."

"Basi mlete. Nitampigia mpaka masikio yamuume."

Bwana Kihampa akamshukuru, akamkabidhi Sikudhani karatasi. Yeye kama mgunduzi ndiye angesoma risala na neno la shukrani. Ilikuwa ni kazi yake mwenyewe ya Historia, wataalamu wakiwa wameisahihisha kidogo. Kila palipokuwa na jina la Bi. Somoe waliandika Mama Mlezi. Walikuwa wamekutana na tatizo la tarehe, kwa sababu wakati zahanati inajengwa Mama Mlezi alikuwa na umri wa miaka minne. Wanahistoria walikaa kikao wakalimaliza: wazo lilimjia mapema.

"Hii si kweli, mzee," Sikudhani alisema.

"Si kweli bado," Bwana Kihampa alimsahihisha. "Mbona una haraka?"

*

Siku yenyewe barabara ilifungwa tangu alfajiri, pande zote, kwa ajili ya msafara. Akina mama walipewa sare za kitenge chenye picha ya Mama Mlezi akitabasamu, kubwa mgongoni na ndogo ndogo kwingineko. Kitambaa kilining'inizwa juu ya njia: MGENI NJOO, MWENYEJI APONE. Vitanda vya zahanati vilikuwa vimetolewa ili makochi yapate nafasi.

Asumini alishikwa na uchungu asubuhi hiyo hiyo. Walimleta wakamlaza nyuma ya umati, hatua chache tu kutoka mlangoni, kwa sababu mlango huo ndio ungefunguliwa kwanza kuliko barabara. Sikudhani alimwendea Bwana Kihampa.

"Mzee, dada yangu ana uchungu. Nakuomba. Nesi yule pale. Wampitishe tu."

"Binti, hata Mheshimiwa ana ratiba," alisema, naye alisema kwa huruma. "Soma risala yako vizuri, tumalize."

Msafara ulifika jua likiwa utosini. Sikudhani aliitwa kwenye kipaza sauti. Alianza kusoma, na kwenye sentensi ya kwanza, pale palipoandikwa kwamba Mama Mlezi ndiye aliyechoma matofali, aliishusha karatasi. Mkuu wa itifaki akakunja uso. Bi. Somoe, aliyekuwa mbele ya akina mama wote, akamwambia kwa sauti ya chini ambayo sisi wa karibu tuliisikia:

"Soma, mjukuu wangu. Soma haraka."

Akasoma. Alisoma bila nukta wala mkato, wino wote ule wa uongo akiumwaga kwa pumzi moja, na meza kuu wakaambiana kwamba mtoto amezidiwa na furaha. Alipofika mwisho, Mama Mlezi akainuka. Mto wa hariri ukaletwa, mkasi uko juu yake. Akautwaa. Akasogea mlangoni.

Na Bi. Somoe akapiga kigelegele.

Sijui niseme nini kuhusu kigelegele kile. Kilikaa kooni miaka yote hiyo. Akina mama walikipokea, kikapanda, kikawa kama mvua juu ya bati, wakimsukuma yule mwanamke kwa sauti zao: kata, kata, kata. Hata askari walisisimkwa. Mama Mlezi alikuwa ameshaupitisha utepe katikati ya makali. Akasimama hivyo. Akasikiliza. Midomo ikaanza kumcheza, machozi yakamtoka, akaurudisha mkasi kwenye mto.

"Kipaza sauti," alisema.

Aliletewa.

"Ndugu zangu wa Nanjota, sikuwa nimepanga kusema mengi. Lakini mapokezi haya yamenigusa. Niruhusuni niwasimulie wazo hili lilivyonijia nikiwa na miaka minne..."

Bi. Somoe aliendelea kupiga kigelegele peke yake kwa muda, akidhani labda utasikilizwa uchungu uliomo. Mama Mlezi akampungia mkono na kutabasamu. Hapo mzee yule akaacha. Alipenya katikati ya umati akaenda nyuma, na akina mama wakamfuata mmoja mmoja. Walivua vitenge vyao, wakabaki na gauni na kanga za ndani, wakavishika kwa mikono wakamzungushia Asumini ukuta. Pande zote Mama Mlezi alikuwa akitutabasamia. Nesi alisimama kwenye mstari wa mapokezi na beji yake kifuani, akilia bila kujifuta.

Hotuba ilifika utotoni, ikapita shuleni, ikaingia ndoani. Mtoto alilia wakati Mheshimiwa anaeleza alivyomchagua Kiongozi. Tulishusha pumzi. Kisha tukamsikia Bi. Somoe akiita jina la Asumini, akaliita tena kwa nguvu, halafu kwa sauti ya kawaida, halafu hatukumsikia. Roho iliniuma. Mimi ni raia mwema na hadithi hii ni ya kuchekesha, lakini roho iliniuma.

Utepe ulikatwa baadaye. Tulipiga makofi kwa kuwa ratiba ilisema makofi. Asumini aliingizwa mle ndani amefunikwa vitenge mpaka usoni, wakamlaza kwenye kochi, na mpaka leo taarifa ya Wizara inamtaja kama mgonjwa wa kwanza wa zahanati hiyo. Kibao kimewekwa, na kina jina. Mwalimu Ngwatu aliupa mradi alama zote.

Lakini siku ile ilikuwa bado haijaisha. Lilibaki neno la shukrani, na msafara haukuweza kuondoka kabla halijasomwa. Bwana Kihampa alimtafuta Sikudhani, akamkuta amekaa chini ukutani. Akamwinua taratibu, akamfuta vumbi, akamsimamisha mbele ya kipaza sauti na karatasi yake mkononi. Bi. Somoe alikuwa mlangoni na kichanga kifuani. Hakumwambia asome, wala hakumwambia asisome.

Sikudhani aliitazama ile karatasi.

"Mheshimiwa Mama Mlezi," alisoma. "Kwa niaba ya wanawake wote wa Nanjota, tunakushukuru kwa kufika kwa wakati."